Mama wa Namba Saba

Jumanne, 2 Juni 1987

Nimo! Majina yametoka leo asubuhi. Mimi, Gerishom na Hannah Kahindi. Sisi watatu ndio tutakaozunguka na uchunguzi wa magonjwa ya kinywa, kijiji kwa kijiji, tukiwaambia watu wazima wafungue midomo. Wenzetu pale kliniki ya meno hapa Malindi wamenuna, hata chai hawakunikaribisha. Wanune tu. Kozi ya Nairobi imenipita mara mbili, na Daktari Ndirangu amesema mwenyewe kwamba atakayefanya kazi hii vizuri ataandikiwa barua.

Daktari ametoka Nairobi kuja kutufundisha. Mwembamba, sauti yake ya kusoma taarifa ya habari. Amesema hataki tuwe hodari, anataka tufanane. Mmoja akiona donda pale ambapo mwenzake haoni kitu, uchunguzi mzima ni bure. Nataka macho yenu yawe jicho moja, amesema. Hannah ameiandika hiyo sentensi. Hannah huandika kila kitu.

Sidi amepika nguru wa nazi kunipongeza. Nimekula kwa pupa mpaka nikajing'ata shavu.

Alhamisi, 4 Juni

Joto la ajabu. Tumefungiwa stoo, mablanketi madirishani, tunaangalia picha za midomo zikimulikwa ukutani. Midomo mikubwa kuliko mlango. Gerishom amekaa mbele kabisa na bado anakunja uso.

Niandike nisije nikasahau. Weupe ukifutika kwa kitambaa ni utando tu, kuna dawa. Weupe ukipotea unapolivuta shavu si ugonjwa, ndivyo mashavu ya wengi wetu yalivyo. Weupe usiofutika na usiopotea, huo wa kuandikwa. Halafu akaleta picha ya mwisho. Doa jekundu, dogo, laini, chini ya ulimi. Hili haliumi, akasema. Mgonjwa hatakwambia. Mara nyingi ndiyo kansa yenyewe, ikiwa changa, na hapo bado inakatika mtu akapona. Usipomwambia ainue ulimi, umemuacha afe.

Mchana tukaangaliana sisi kwa sisi. Hannah akaona "donda" kwenye shavu langu, akalitangaza kwa sauti. Nikamwambia ni nguru wa mke wangu. Tulicheka sana. Hannah hakucheka, alisema donda ni donda, hata likitoka kwa nguru.

Jumatatu, 8 Juni

Tumepimwa kwa wagonjwa wa kliniki. Kila mtu anaangalia, kisha Daktari anaangalia, kisha majibu yanalinganishwa. Mimi na Daktari tumekubaliana karibu kila mdomo. Alinigonga bega! Gerishom yuko nyuma kidogo. Hannah anaona magonjwa mno, hivyo ndivyo Daktari alivyosema, mbele yetu sote. Unawatia watu wazima ugonjwa, Hannah. Jifunze kuuacha mdomo mzima uwe mzima.

Maskini, alibaki anaitazama glavu yake. Ni nesi mzuri yule. Lakini akiendelea hivi ataachwa, na sisi wawili tutatosha.

Jumatano, 10 Juni

Jaribio la mwisho ni Ijumaa, Jilore. Jilore! Kati ya vijiji vyote vya pwani hii.

Jilore ni kwao Sidi. Nimemuuliza, huku najifanya natania, kama mama yake anaweza kufika. Akacheka. Mama? Mama akisikia koleo anaingia mahindini. Basi nikatulia kidogo.

Lakini naibu chifu ameambiwa alete watu wanaotumia tumbaku, maana hao ndio wanaotakiwa. Na mama mkwe, Mungu amjalie, tumbaku yake na magadi anaiweka chini ya ulimi tangu Sidi hajazaliwa. Sidi husema hajawahi kumuona mama yake bila hiyo kitu, hata kanisani.

Mimi na huyo mama hatujawahi hata kula mbele ya mwenzetu. Tukikutana njiani mmoja anaacha njia. Nikienda kwao anazungumza na mimi akiwa nyuma ya mlango, na uso ameufunika leso. Kwao ni hivyo na kwetu Ukambani ni hivyo, sisi tunaiita nthoni. Mama mkwe si mtu wa kutazamwa usoni, seuze kinywani. Baba yangu alikufa hajui mama mkwe wake ana meno mangapi, na alijivunia hilo.

Nilitaka kumwambia Daktari. Lakini leo ametoa sheria: hakuna kuruka mtu. Kila mmoja wetu aangalie kila aliyekuja, ukimruka mmoja majibu yako yote yanatupwa. Nikaona nikisema nitaonekana mshamba. Hatakuja. Sidi amesema hatakuja.

Ijumaa, 12 Juni

Alikuja.

Niandike yote, labda kifua kitapungua.

Tulifika Jilore asubuhi na landrova. Daktari hakushuka. Homa ilimshika njiani, meno yanagongana, dereva akamrudisha Malindi. Kabla ya kuondoka alituambia tuendelee wenyewe: kila mtu na sehemu yake, msizungumze, tutalinganisha kesho. Basi tukagawana kibaraza cha zahanati kwa kutundika leso mbili kwenye kamba. Leso! Unamsikia mwenzako hata akikohoa. Karani wangu alikaa ameelekea ukutani, anaandikia kwenye kizingiti cha dirisha kwa ajili ya mwanga. Mimi nasema, yeye anaandika. Watu hawana majina, wana namba.

Wa kwanza mpaka wa sita, salama. Mzee mmoja alikuwa na weupe usiofutika, nikausema vizuri. Nikaita namba saba.

Niliona miguu kwanza. Nikaijua ile bangili ya mguuni. Sikuinua macho. Akaketi kwenye kiti mbele yangu, na leso amejifunika mpaka puani, na nilisikia pumzi yake ikisimama. Naye hakujua. Alidhani mkwe wake anang'oa meno mjini, hakudhani kwamba ndiye atakayekuwa hapa. Huko nje naibu chifu Mwambire amesimama anahesabu watu wake, hawezi kuondoka bila kuulizwa. Na mimi siwezi kumruka.

Tukakaa hivyo. Mimi naitazama sakafu, yeye anautazama ukuta. Harufu ya tumbaku. Kioo mkononi, tochi nimeiwasha, inamulika vidole vyangu mwenyewe. Karani akauliza, namba saba vipi?

Nikasema, safi.

Nilisema kwa sauti kubwa. Sijui kwa nini kwa sauti kubwa. Yeye akainuka, akasema polepole, kwa leso na si kwangu, "Asante, baba." Akaenda upande wa Gerishom. Nikasikia Gerishom anasema safi, upesi upesi. Akaenda kwa Hannah.

Kwa Hannah alikaa muda mrefu. Nikasikia Hannah akimwambia, "Mama, inua ulimi. Inua tena. Geukia kwenye mwanga." Halafu akamwambia karani wake: doa jekundu, chini ya ulimi, upande wa kushoto.

Nimerudi nyumbani. Sidi ameniuliza habari za kwao, nimesema nzuri.

Jumamosi, 13 Juni

Daktari amepata nafuu. Ametulinganisha. Tumekubaliana watu wote isipokuwa namba saba. Wawili wanasema safi, mmoja anasema doa jekundu.

Akamgeukia Hannah. Hannah akashikilia. Alisema ameliona, lina ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, limekaa palepale mama anapoweka tumbaku. Daktari akauliza, Musyoka na Gerishom hawakuliona kwa nini? Hannah akatutazama. Gerishom akatazama viatu. Mimi nikatazama viatu vya Gerishom.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi, chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Ulimi haukunyanyuka.

Daktari hakuwa mkali, na hilo ndilo baya zaidi. Alimwambia kwa upole kabisa kwamba huu ni udhaifu wa macho yake, ameuona tangu siku ya kwanza, na kwamba mtu wa kuona mno ni hatari kama wa kutoona. Jumatatu arudi wodini kwake Kilifi. Uchunguzi tutafanya wawili. Kurudi Jilore kumwangalia namba saba mwenyewe hakuona haja, wawili kwa mmoja kumemtosha.

Hannah alikusanya vitu vyake. Aliponipita mlangoni akauliza, "Kaka Musyoka, wewe kweli hukuona kitu?"

Nikasema, "Sikuona kitu." Na sikudanganya.

Jumapili, 14 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Jumatatu, 15 Juni

Sidi alikwenda sokoni akakutana na watu wa Jilore. Amerudi anang'aa. Mama yake anamsifu mkwe wake kijiji kizima! Kisimani, kanisani, kwenye matanga ya jirani. Ati Baba Mumbua ana adabu isiyokuwepo siku hizi. Ati serikali imemtuma, ameshika tochi ya serikali, na bado hakuniangalia. Waliomuoza binti yao kwa mtu wa kutoka bara na wakachekwa, sasa wanajivuna. Sidi alinikumbatia mbele ya binti yetu Mumbua, kitu ambacho hafanyi.

Nikamuuliza kama mama anaumwa popote. Akasema la, mzima kabisa, hana hata jino bovu.

Haliumi. Mgonjwa hatakwambia.



Jumanne, 16 Juni

Leo nimekwenda kwa Daktari kusema. Niliamka nimeazimia. Nilivaa hata shati jeupe.

Alikuwa anafunga mizigo, anakwenda Mombasa kuchukua vifaa, atarudi Jumapili jioni, na Jumatatu tunaanza kazi Dabaso. Kabla sijafungua mdomo akasema amefurahi nimekuja. Amefikiria. Anataka wachunguzi wengine wawili kwa ajili ya Kilifi, na hao hatawalinganisha na yeye tena, atawalinganisha na mimi. Wewe ndiye kipimo changu sasa, Musyoka. Na barua ya kozi ameshaiandika.

Nikasema asante, Daktari. Nikamsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari. Nilimpungia na mkono, mjinga mimi.

Nikarudi kliniki, nikamkuta Gerishom peke yake anachemsha vyombo. Nikaona nimuulize tu, ili nijue. Nikasema, Gerishom, yule namba saba, chini ya ulimi palikuwaje? Akainamia sufuria. Nikamuuliza tena. Akasema, usiniulize hivyo.

Nikamshika mkono. Akakasirika, kisha hasira ikamwisha. Macho yake ni mabovu. Tangu mwaka jana. Karibu haoni, na kwenye kivuli ndiyo kabisa, na alificha kwa sababu angeondolewa. Picha za stoo zilikuwa kubwa, akapita. Wagonjwa wa kliniki aliwaotea. Na pale Jilore, nyuma ya leso, alitega sikio. Kila nilichosema mimi, naye akasema.

"Wewe ndiye unayefanana na Daktari," akaniambia. "Nikifanana na wewe, nitakosea wapi?"

Nilicheka. Nilikaa kwenye kiti cha kung'olea meno nikacheka mpaka akaniogopa. Wawili wamesema safi! Mmoja hakutazama na mwingine hakuona. Watu watatu pale kibarazani, aliyetazama kinywa cha yule mama ni mmoja tu, na huyo tumemfukuza kwa kutazama.

Gerishom amenisihi nisimtaje. Ana watoto watano. Nimemwambia sijui.

Jumatano, 17 Juni

Nimemwambia Sidi. Ilibidi. Alikuwa ananyoosha nguo, na pasi ina makaa, nikamwambia aiweke chini kwanza.

Hakulia. Aliuliza maswali kama polisi. Uliangalia? Sikuangalia. Kwa nini? Unajua kwa nini. Angekuwa mama yako mzazi? Ningeangalia. Na huyo Gerishom? Hakuona. Na Hannah? Aliona. Kwa hiyo mama yangu ana kansa. Nikasema sijui, Sidi, hakuna anayejua, si kila jekundu ni kansa, linaweza kuwa tumbaku imeunguza tu. Akasema, wewe ndiye mwenye kujua, kazi yako ni hiyo.

Nilimwambia nilimheshimu mama yako. Akachukua pasi, akaendelea kunyoosha shati langu jeupe. Baadaye, bila kunitazama, akasema hiyo heshima naijua, nimelelewa nayo, lakini usiniambie sasa hivi.

Mumbua ameuliza mbona mama hali.

Alhamisi, 18 Juni

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Kilifi. Nilimkuta Hannah wodini anapima joto. Alinikaribisha vizuri, shikamoo zote za wakubwa alizowapa wazee akanipa na mimi, nikajisikia vibaya zaidi. Tukasimama kwenye korido.

Nikamwambia. Yote, hata na leso, hata na bangili. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane. Nilidhani pia, na hapa nijiseme ukweli, kwamba atafurahi, atasema nilijua, atapanda gari nami siku hiyohiyo mpaka Jilore, na mzigo utahama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi sijui tena kama niliona."

Nikamwambia uliona, Hannah, ulisema ukubwa wa kucha, ulisema upande wa kushoto. Akatikisa kichwa. Wiki nzima hii, akasema, amekuwa akiwaza lile doa mpaka limebadilika rangi. Mara jekundu, mara ni kivuli cha leso yenye maua mekundu iliyotundikwa pale. Kweli ile leso ilikuwa na maua mekundu. Jana mgonjwa alimwonyesha uvimbe shingoni, ameugusa kwa vidole vyake mwenyewe, na bado akaenda kumuita mwenzake athibitishe kama upo.

"Mlinifundisha nisijiamini," akasema. "Nimejifunza."

Nilimwomba aje amuangalie mama mara moja tu. Akakataa. Akasema macho yake yametangazwa kwamba hayafai, mbele ya watu, na hatamtia mzee wa watu hofu kwa macho yasiyofaa. Nenda ukaangalie wewe, kaka. Wewe ndiye uliyefaulu.

Alifuta machozi kwa mkono ulioshika kipimajoto, akarudi kwa wagonjwa wake. Hakunisindikiza.

Ijumaa, 19 Juni

Sidi amekwenda Jilore alfajiri. Nimemwambia amlete mama hospitali, aangaliwe na daktari yeyote, mwanamke, mwanamume, yeyote asiye mimi. Asimwambie kansa. Amwambie tu kuna makosa yalifanyika.

Kazini sikuweza. Mgonjwa amekuja na jino la chini, nikamwambia inua ulimi. Akashangaa. Nimewaambia wote leo wainue ulimi. Hakuna aliyekuwa na kitu.

Jumamosi, 20 Juni

Sidi amerudi peke yake.

Mama amekataa. Amesema hospitali haendi. Alikwishaangaliwa na yule mnene, ndiye Gerishom, akasema safi, kwa nini aangaliwe tena? Sidi akamwambia yule mnene haoni, mama. Mama akasema basi serikali ingemtuma kipofu? Sidi akamwambia habari ya Hannah. Mama akasema msichana yule ni mzuri, mpole, lakini si amefukuzwa? Jilore nzima inajua. Naibu chifu Mwambire ametangaza barazani kwamba nesi mmoja alikosea na serikali imemwondoa, watu wasiogope. Sasa aende Mombasa akakatwe ulimi kwa neno la aliyefukuzwa?

Mimi ndiye niliyemfukuza. Mimi ndiye niliyempa mama hiyo hoja mkononi.

Basi Sidi akamaliza yote. Akamwambia, mama, Baba Mumbua amenituma mwenyewe. Analia. Hali. Anasema alidanganya.

Hapo mama akatema tumbaku, akaifunika kwa mchanga. Akamuuliza, alilia kweli? Sidi akasema kweli. Kisha akasema maneno haya, na Sidi ameyarudia mara mbili ili nisipoteze hata moja: "Yeye hajawahi kuniambia uongo ila huo mmoja, na aliusema kwa kunistahi. Akiangalia yeye, akasema kuna kitu, nitakwenda Mombasa, Nairobi, popote. Mtu mwingine sitaki."

Nikamwambia Sidi haiwezekani. Akasema ameshakubali, kesho anakuja. Nikamwambia baada ya hapo nitamtazamaje? Tutasalimiana vipi? Watu wa Jilore watasema nini, waliokuwa wakinisifu? Na kwetu, mama yangu mwenyewe akisikia? Akasema, atakayekuwa hai atasalimiwa.

Nimetoka nje nikazunguka mtaa wetu wote wa Muyeye bila kujua nakwenda wapi. Nimesalimia watu, sikumbuki nani.

Nikiona jekundu, kazi yangu imekwisha, kwa sababu nitamwambia Daktari kesho jioni akirudi, nitamwambia yote. Hannah atarudi, na mimi nitakuwa nimemchelewesha mama kwa siku zote hizi, jinsi lile jambo linavyokwenda mbio. Nikiona safi, je? Nitajiamini? Mimi ambaye niliona safi nikiwa nimefumba macho? Mtu anayetaka kuona safi kiasi hiki ataona safi tu.

Na huyo ndiye kipimo cha pwani nzima.

Jumapili, 21 Juni

Amekuja na basi la asubuhi. Nimesikia sauti yake uani na nimeingia chumbani kama mwizi. Naandika hapa, mlango nimeurudisha, kwa sababu mikono lazima ishike kitu.

Mumbua amepelekwa kwa jirani. Sidi ameweka kiti nje, mlango wa nyuma, penye jua lenyewe, kama nilivyomwelekeza. Glavu ninazo. Kioo nimekichemsha. Tochi nimeweka mawe mapya ingawa jua linatosha. Nimenawa, nikanawa tena.

Sidi anaingia na kutoka akileta masharti. Mama anasema atafunika macho. Leso ileile ambayo siku zote hufunikia midomo, ameipandisha juu, ameifunga kwenye macho kwa fundo. Anasema yeye akiwa hanioni, na mimi nikiwa siuoni uso wote, labda Mungu atasema hatukuonana. Sharti la pili, nisimwambie yeye jibu. Nimwambie Sidi, kama nilivyomwambia karani. Na nisiseme kwa sauti kubwa.

Nimesema sawa.

Amesukutua kwa maji ya chumvi, nimemsikia akitema. Anaongea na Sidi kuhusu mahindi, sauti ya kawaida kabisa. Halafu akauliza kama mimi nimeshakula. Sidi amesema bado. Amesema, basi mpe japo chai kwanza, mtu asifanye kazi ngumu na njaa.

Siwezi kunywa chai.

Nimejaribu kukumbuka picha ile ya stoo, jekundu lile lilikuwa jekundu la namna gani, na sasa hata lenyewe linanichezea, mara waridi, mara damu. Ndivyo Hannah alivyosema. Daktari yuko Mombasa. Gerishom yuko nyumbani kwake na macho yake. Hakuna wa kulinganisha naye.

Sidi amegonga.

Amesema, njoo, keshafungua. Keshainua na ulimi, hakuna aliyemwambia.